Shimo la Matofali

Hatukuchimba bwawa. Tulichimba udongo
wa matofali elfu nne, mwaka ule kahawa ilipopanda bei;
ilipoanguka, nyumba ikaishia kwenye msingi
na shimo likabaki nyuma ya migomba
likitutazama kama deni.

Mvua za masika zikalijaza. Wakaja vyura,
wakafanya mkutano usiku kucha bila ajenda.
Kisha mbu. Kisha bwana afya
na faini aliyoiandika akaisahau.
Na asubuhi moja ya Juni, ukungu umelalia masale,
Aikande akaita: Baba, maji yamekonyeza.

Samaki. Wadogo kama ukucha,
mgongo wa majivu, tumbo la shilingi mpya.

Nani kawaleta, huku Uru, mlimani?
Mzee Kilawe anaapa walinyesha:
mvua ya mawe, anasema, huwezi kujua imemeza nini.
Mwalimu Ndelamio anamshuku yangeyange,
anayekula mtoni Rau
na kuja kujifutia miguu kwetu.
Mimi nashuku mfongo.
Zamu yetu ya maji ni Jumanne, saa nane za usiku.
Nazibua magome ya mgomba kwa mwanga wa tochi,
nasikia maji yakishuka kutoka kwa watu wa juu
na majani yao, na povu la sabuni yao, na ugomvi wao.
Yashindwe kubeba perege?
Mama perege huwafungia wanawe kinywani,
siku nenda siku rudi hali kitu.
Akivuka mmoja tu, gizani, mdomo kaufumba,
kijiji kizima kimevuka.

Mama yangu hali samaki.
Kwao alifundishwa kuwa ni nyoka mwenye mapezi.
Lakini kila alasiri hubeba machicha ya mbege kwenye bakuli,
huyatupa majini huku uso kaugeuzia upande:
“Sitaki kitu kife njaa uani kwangu.”

Kuja si kazi. Kazi ni kukaa.
Julai, baridi ikishuka kutoka Kibo,
hujibanza chini kabisa, hawali, hawachezi,
kama wapangaji waliosikia sauti ya mwenye nyumba.
Alfajiri za joto, pumzi ya maji ikiwaishia,
hupanda juu na midomo duara: o, o, o,
darasa zima likirudia irabu moja.
Hapo nachota maji kwa ndoo
na kuyamwaga palepale yalipotoka.
Majirani walishaacha kuniuliza.

Mdiria huchukua chake. Kenge huchukua chake.
Kuna mtu alikuja usiku na chandarua;
kesho yake mbu walikuwepo wote.
Waliosalia wakazaa.

Halafu ukaja mwaka wa mfongo mkavu.
Zamu zikafutwa. Bwawa likawa mkeka,
likawa sinia, likawa tope lenye nyufa
na nzi, na harufu ambayo hatukuisemea mezani.
Mama akatupa machicha kwenye tope siku tatu.
Hakuna aliyecheka.

Kahawa ikapanda tena. Fundi Mlingi akaja na kamba,
akapima, akasema shimo lifukiwe,
kona ya jiko inaangukia humo humo.
Nikamwambia tungoje mvua ilainishe kifusi.
Mvua ikanyesha. Fundi akashika sepetu,
akainama, akainuka: “Mzee, njoo uone.”

Maji yamekonyeza.

Nani kawaleta tena?
Kilawe akatazama mawingu.
Mwalimu akatazama miguu ya yangeyange.
Mimi nikatazama mdomo wa mfereji.
Aikande, anayepita Rau kila siku akitoka shule,
akatazama kopo lake la uji
kama vile ndiyo kwanza analiona.
Mama hakutazama kitu. Aliingia ndani kutafuta bakuli.

Ndiyo maana jiko letu lina kona iliyopinda,
kabati haliegemei ukuta,
na wageni wakiuliza fundi alikuwa nani
tunawakaribisha kwanza wale.